Fimbo ya Hendibreki

Verlene Stidham hakuwa na mambo mengi ambayo watu wa Harmon's Gap waliamini mpeleka barua lazima awe nayo. Hakuwa na gari lenye usukani upande wa kulia, kama lile la Bwana Tackett aliyestaafu. Hakuwa na cheti cha sekondari. Alikuwa na karatasi ya mtihani wa watu wazima, aliyoipata akiwa na miaka arobaini na mmoja, na ilitundikwa jikoni juu ya friji, kwenye fremu. Hakuwa na urefu. Hakuwa na bega zima la kulia. Hakuwa na mtoto wa kiume, na binti yake wa pekee, Treva, alikuwa Dayton, mwendo wa saa nne na nusu. Hakuwa na simu inayoshika mtandao kule mabondeni, ila hiyo hakuna aliyekuwa nayo. Na tangu mwezi wa Januari hakuwa na heshima kamili dukani, kwa sababu ya tairi.

Barua ndizo hakuzikosa. Kila asubuhi alipakia za visanduku mia nne na kumi na viwili, akazunguka maili sitini na nane za barabara za Kentucky zilizojikunja kama utumbo. Gari lake lilikuwa refu, la zamani, lenye kiti cha mbele kisichogawanyika, na usukani wake ulikuwa kushoto kama magari yote ya huko, ilhali visanduku vyote vimesimama kulia mwa barabara. Basi aliendesha kama wanavyoendesha wapeleka barua wa vijijini wasio na gari maalumu: akikaa upande wa abiria, mguu wa kushoto ukivuka hadi kwenye kanyagio, mkono wa kushoto umeshika usukani, mkono wa kulia ukitoa barua dirishani. Mgeni akiona gari hilo likimjia bila dereva hushtuka. Wenyeji hupunga mkono.

"Kaa, Mama Stidham," alisema Bwana Hobart Quillen, mkuu wa posta, bila kuinua macho. Hakuwa mtu mbaya, lakini alikuwa na tabia ya kuongea na karatasi huku mtu amesimama mbele yake.

"Nimezoea kusimama."

"Siku zako tisini za majaribio zinakwisha tarehe thelathini na moja. Natakiwa kuandika neno moja tu, ndiyo au hapana. Na hapa nina fomu ya Januari." Akaigonga kwa kalamu. "Chanzo cha kuchelewa: pancha. Muda uliopotea: saa mbili na dakika kumi. Aliyesaidia: Creed Lawson."

"Ndivyo ilivyokuwa."

"Watu wa Lick Fork walipata dawa zao giza limeshaingia. Mimi simlaumu mtu kwa pancha, barabara zile zinakula matairi. Lakini mpeleka barua anatoka peke yake na anarudi peke yake. Siwezi kumwajiri mtu anayekaa kusubiri mwanamume apite."

Nyuma ya rafu, wenzake wawili waliokuwa wakipanga barua waliacha kupanga. "Creed anasema alimvika na koti lake," mmoja alinong'ona, kwa ile sauti ya kunong'ona inayotaka kusikika. Mwenzake akacheka puani.

Verlene alisikia. Masikio yakapata moto, lakini uso haukusogea. "Nani mwingine anaitaka njia yangu?"

"Mpwa wa Tackett. Ana pikapu, na ana mabega."

"Mabega hayasomi anwani, Bwana Quillen."

"Hayasomi," alikubali mkuu wa posta, akigeuza ukurasa. "Lakini yanafungua nati."

*

Nyumbani Delmas, mumewe, alikuwa ameshapakua maharage na mkate wa mahindi. Kupika alikuwa amejifunza uzeeni, kwa aibu kidogo, baada ya mapafu yake kujaa vumbi la makaa ya mawe. Miaka ishirini na sita alifanya kazi mgodini, kumi na mmoja ya mwisho kwenye karakana, akihudumia magari ambayo tairi lake moja lilimzidi kimo. Siku hizi alifungwa kwenye mashine ya hewa iliyonguruma sebuleni, na mrija wake mwembamba ulimfuata nyumba nzima kama kamba ya mbuzi.

"Amesemaje?"

"Amenipa wiki mbili na nusu niote mabega."

Delmas akamsogezea bakuli lake. Alijua maana yake. Njia ile ikiwa ya Verlene kwa kudumu, wangebaki: wangeezeka paa, wangekuwa na kadi ya bima, wangezeeka pale pale bondeni walipozaliwa. Ikienda kwa mpwa wa Tackett, wangehamia kwa Treva. Treva alikuwa ameshaandaa chumba chini ya nyumba yake, chenye zulia jipya na dirisha moja dogo karibu na dari, ambalo ukichungulia unaona magurudumu ya gari la jirani. Delmas alikaa mle siku nne wakati wa Krismasi. Siku ya tano alisema anataka kwenda nyumbani akafe kwa raha zake.

"Ikitokea tena nitakuja nawe," alisema. "Nitakaa kiti cha nyuma."

"Na mtungi wako na kikohozi chako. Quillen ataandika: aliyesaidia, mgonjwa."

Delmas alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka akashika meza. Verlene alisubiri yaishe. Hakumpiga mgongoni, alikuwa ameshakatazwa.

"Nifundishe," alisema.

"Tangu tuoane nimekwambia mara ngapi nikufundishe?"

"Mara moja. Na ulininyang'anya spana kabla sijaishika vizuri."

Mzee alivunjavunja mkate ndani ya bakuli. Ilikuwa kweli, na wote wawili waliikumbuka siku yenyewe, hata rangi ya gari.

"Safari hii siwezi kukunyang'anya," alisema mwisho. "Mrija wangu unaishia ngazi ya tatu ya baraza."

*

Kesho yake alasiri, baada ya kazi, Verlene alisogeza gari hadi mbele ya baraza. Delmas alikuwa ameshaketi, koti limefungwa hadi kidevuni, fimbo ya kutembelea magotini. Jua la Machi lilikuwa linawaka bila kupasha moto.

"Haya," alisema. "Tuseme gurudumu la mbele kulia limekwisha. Unaanza na nini?"

"Jeki."

"Piga jeki, basi."

Alipiga jeki mpaka tairi likaachana na ardhi, akatia spana kwenye nati, akasukuma. Gurudumu lote likazunguka pamoja na spana, kwa upole, kama mtoto anayecheza.

"Wala usinitazame," alisema Delmas, ambaye tabasamu lilikuwa limemshinda. "Liulize hilo tairi linakwenda wapi."

"Sema mzee, wacha kunichekea."

"Nati zinalegezwa gari likiwa chini, ardhi ikiwa imekushikia gurudumu. Nusu mzunguko kila moja, basi. Ndipo unainua. Shusha."

Alishusha. Nati ya kwanza ilikataa. Alisukuma kwa mkono, akasukuma kwa mikono miwili, bega likamlilia. Ya Januari yakamrudia yote: yeye barabarani ameinamia gurudumu, Creed Lawson juu yake akisema, toka hapo mama, hiyo si ya kwako.

"Nenda kwenye banda," alisema Delmas. "Kuna kipande cha bomba la chuma nyuma ya mlango. Kivishe kwenye mkono wa spana."

Spana ikawa ndefu mara mbili. Verlene aliegemea mwisho wa bomba kwa uzito wake wote, ambao haukuwa mkubwa, na nati ikatoa kilio kimoja ikaachia.

"Umeona," alisema Delmas. "Hata karakana hatukuwa na mabega. Tulikuwa na mabomba."

Nati zote tano zililegea. Akainua tena, akazitoa, akalivuta gurudumu, likamjia kifuani. Alikuwa amelikumbatia hivyo, akitafuta pa kuliweka, gari lilipotikisika. Halikufanya kishindo mwanzoni. Lilisogea nyuma kidogo tu, kama mtu anayehama upande kitandani. Jeki ikainama, ikateleza, na pua yote ya gari ikaanguka chini. Chuma kilizama udongoni pale pale ulipokuwa mguu wake alipokuwa akifungua nati ya mwisho.

Alikaa chini bila kupenda, gurudumu mapajani. Aliposikia nyayo alidhani ni jirani. Alikuwa Delmas. Alikuwa ameung'oa mrija puani, ameshuka ngazi zote sita, na sasa alisimama katikati ya uwanja akivuta hewa isiyomtosha, midomo imegeuka rangi.

"Mguu," alisema.

"Ninayo yote miwili. Rudi kitini, wewe."

Alimrudisha yeye mwenyewe, ngazi moja moja, akamvika mrija. Ilimchukua muda kupata sauti.

"Hendibreki," alisema. "Uliweka hendibreki?"

Verlene alilitazama gari. Katika gari lile hendibreki ilikuwa kanyagio dogo la mguu wa kushoto, mwisho kabisa kule, karibu na mlango wa dereva. Yeye alikaa upande mwingine wa gari. "Sijaigusa tangu nianze kazi hii," alisema. "Haifikiki kutoka pale ninapokaa. Ninaacha gia ya kuegesha, naendelea. Visanduku mia nne na kumi na viwili, Delmas, nitavuka kiti mara ngapi?"

"Gia ya kuegesha inashika magurudumu ya mbele tu. Ukiinua moja la mbele, jingine linabaki halina mwenzake wa kushikana naye, linazunguka litakavyo. Hendibreki ndiyo inayoshika ya nyuma." Alifunga macho. "Dereva yeyote mwingine angeikanyaga bila hata kufikiri. Wewe umeendesha karibu miezi mitatu ukiwa upande wa abiria, na mimi nimekaa hapa najiona fundi, sikukuuliza."

 Kisha Verlene akachukua sepetu ya makaa kutoka barazani, akachimba shimo dogo chini ya ubavu wa gari ili jeki ipate pa kuingia, akaanza upya.

*

Usiku ule Delmas hakutazama televisheni. Alikaa na kisu chake na mpini wa hikori, mti mgumu wa milima ile, uliobaki kwenye sepetu iliyovunjika, akachonga. Asubuhi alimpa Verlene fimbo ya urefu wa mkono na nusu, ncha moja imechongwa bapa na kuvikwa kipande cha mpira wa tairi kuukuu kilichogongomelewa misumari midogo.

"Kaa mahali pako," alisema.

Alikaa upande wa abiria. Alipitisha fimbo chini ya usukani, ncha ikatua juu ya kanyagio la hendibreki, akasukuma. Kanyagio likashuka na kung'ata. Alijaribu kulisogeza gari, halikusogea.

"Ina urefu wa kutosha?"

"Unajua inatosha," alisema Verlene. "Umenipima nimelala."

"Nimepima gari, bibi wee. Wewe nilikupima zamani."

Kuanzia siku hiyo ikawa ndiyo kazi ya alasiri. Delmas aliongeza sheria kila siku, kama kasisi. Jiwe mbele na nyuma ya gurudumu la nyuma. Ubao wa mwaloni chini ya jeki, kwa sababu kandokando ya barabara kule ni tope tangu Februari hadi Mei. Tairi la akiba lilazwe chini ya ubavu wa gari wakati gurudumu limetoka, ili gari likianguka lianguke juu ya mpira. Ukilivalisha la akiba, lile bovu lishike nafasi yake. Chumvi ya barabarani hugandisha rimu kwa kutu, kwa hiyo nati ziachwe zimeshika kidogo, ulipige tairi mateke huku na huku mpaka liachie, lisije likakurukia. Kukaza ni kwa kuruka, nati hii kisha ya mbali nayo, kama mtoto anavyochora nyota. Na juu ya yote, usisimame kwenye kona.

"Hata kama kisanduku kiko pale," alisema. "Nyinyi mna ugonjwa wa kusimama penye kisanduku. Pancha ikikukuta kwenye kona, endesha polepole na tairi lako bovu mpaka utakapoonekana. Litaharibika."

"Tairi ni dola themanini."

"Na wewe ni dola ngapi?"

Mara ya kwanza aliyomaliza bila kosa alitumia dakika arobaini na nane. Mara ya tisa, dakika ishirini na mbili, na Delmas, aliyekuwa na saa mkononi, alisema tu kwamba maharage yanapoa. Lakini alikula bakuli mbili.

*

Ilitokea Jumamosi ya mwisho ya mwezi, mvua ikinyesha nyembamba, kwenye kona ya Lick Fork. Mlima ulikuwa umedondosha jiwe usiku, na gurudumu la mbele kulia lililipanda kabla Verlene hajaliona. Mlio, kisha usukani ukauvuta mkono wake kuelekea mtaroni.

Kisanduku cha akina Combs kilikuwa palepale mbele yake, na mguu wake wa kushoto ulikwenda kwenye breki wenyewe. Aliuzuia. Aliwasha taa za dharura, akaendelea kwa mwendo wa mtu anayetembea, tairi likipiga makofi chini yake, na kila kofi alilihesabu kuwa ni dola. Mahali pa kwanza penye ardhi tambarare na barabara iliyonyooka, ambapo gari lingeonekana kutoka pande zote mbili, palikuwa mbele ya lango la Creed Lawson. Hapakuwa na pengine.

"Ilivyo bahati yangu," alisema kwa sauti, akasimama hapo. Akachukua fimbo, akaipitisha chini ya usukani, akasukuma mpaka ikang'ata.

Creed alitoka kabla Verlene hajamaliza kutoa vitu kwenye buti. Alikuwa mwanamume mpana wa miaka sitini, mwenye kikombe cha kahawa mkononi na kofia ya kampuni ya mbegu kichwani.

"Mama Posta," alisema. "Naona umenikumbuka."

"Nimekumbuka barabara yako iliyonyooka."

"Lete hiyo spana. Utaloana bure. Mwanamume akiwepo kuna haja gani?"

Verlene aliweka jiwe la pili, akanyooka. Mvua ilikuwa inamchuruzika kutoka kwenye ukosi. "Mwanamume ninaye mmoja, na kazi yake ameshaimaliza. Kwako nataka kitu kingine." Akamtupia taulo jekundu. "Nenda pale kwenye kona uwapungie wenye malori. Wakija kasi sitawasikia kwa hii mvua."

Creed alilitazama taulo, akatazama kikombe chake. "Mimi nikapunge taulo."

"Kama kazi ni ngumu, sema, nitamwita mkeo."

Alikwenda. Alikwenda akinung'unika, lakini alikwenda, akaweka kikombe juu ya nguzo ya uzio.

Verlene alilegeza nati kwa bomba, moja, mbili, mpaka tano. Aliweka ubao, akaweka jeki, akainua. Tairi la akiba chini ya ubavu. Nati zikiwa zimebaki na mizunguko miwili, alilipiga gurudumu teke la kulia, teke la kushoto, na la tatu, la nguvu, lilikuwa la Januari. Kutu ikaachia.

Alikuwa ametoka kulivuta gurudumu aliposikia Creed akipiga mluzi. Lori la makaa lilikuwa linazunguka kona. Verlene hakulisubiri lifike. Alirudi nyuma hatua nne, hadi kwenye uzio, mikono imejaa tope, akalitazama gari lake limesimama kwenye mguu mmoja wa chuma. Lori lilipunguza mwendo kwa sababu ya taulo, lakini lilikuwa na tani arobaini mgongoni, na lilipopita upepo wake uliyapiga majani ya mtaroni yakalala na ukalitikisa gari lile zima.

Gari lilitikisika, likatulia pale pale.

Alisimama kidogo akilitazama. Kisha akarudi, akalivalisha tairi la akiba, akasukuma lile bovu chini ya ubavu, akakaza nati kwa mkono, akashusha, akakaza tena kwa bomba, nyota moja, nyota ya pili. Saa yake ilisema dakika ishirini na nne. Hapakuwa na mtu wa kumwambia isipokuwa Creed, aliyekuwa amerudi akiwa ameloa hadi kwenye soksi, na kahawa yake imejaa mvua.

"Sasa dukani nitasema nini?" aliuliza Creed.

"Sema ulichokiona."

Akampa barua zake, akaenda zake. Kwenye kisanduku cha mwisho, baada ya maili hamsini, alisimama akazikaza nati mara nyingine, kama alivyofundishwa.

*

Creed hakusema alichokiona. Au alisema, lakini alianza na yeye mwenyewe, mvua, lori na taulo, na wasikilizaji wakaichukua hadithi kabla hajafika kwenye nati. Lick Fork ina simu za waya. Verlene alipoegesha nyuma ya posta, amechelewa dakika thelathini na moja na barua zote zimefika, habari ilikuwa imemtangulia.

"Nasikia Creed amekusaidia tena," alisema Bwana Quillen. Safari hii alikuwa amemtazama usoni, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi, kwa sababu alionekana kusikitika.

"Umesikia kwa nani?"

"Kwa watu watatu."

"Kati yao, aliyekuwepo ni nani?"

Nyuma ya rafu hakuna aliyecheka. Walikuwa wanatazama mikono yake, ambayo ilikuwa myeusi hadi kwenye viwiko.

Bwana Quillen alikuna sikio. "Sitabishana na wewe hapa. Niandikie barua. Chanzo, muda uliopotea, aliyesaidia. Iwe mezani kwangu Jumatatu kabla ya kufunga, nami nitaandika neno langu baada ya kuisoma."

*

Jumapili, baada ya kanisa, Verlene alifuta meza ya jikoni mara mbili ndipo akaweka karatasi. Aliketi akiitazama ile fremu juu ya friji. Delmas alikuwa ng'ambo ya meza, akimenya viazi.

"Andika hakuna aliyesaidia," alisema. "Ndiyo anachotaka kusoma. Hakuna, nukta."

"Creed alipunga taulo."

"Taulo."

"Lori lilipunguza mwendo. Siwezi kuandika hakuna."

"Basi ongeza tafadhali na samahani. Wakubwa wanazipenda."

"Samahani ya nini?"

Delmas akarudi kwenye viazi.

Aliandika kwa saa nzima, kwa ule mwandiko wa darasa la jioni, ulionyooka na kubana. Alipomaliza aliisukuma karatasi ng'ambo. Delmas alifuta mikono kwenye suruali, akavaa miwani, akasoma, midomo ikitembea.

Bwana Quillen, iliandika barua. Siku ya Jumamosi jiwe lilipasua tairi langu la mbele kulia kwenye kona ya Lick Fork. Sikusimama kwenye kona. Niliendesha hadi panapoonekana na tairi likaharibika, na nitanunua jingine. Nilitumia dakika ishirini na nne kubadili na dakika saba kwa mwendo wa polepole. Barua zote zilifika siku hiyo hiyo, mchana.

Waliosaidia ni wawili. Bwana Creed Lawson alisimama kwenye kona na taulo jekundu, akamfanya mwenye lori apunguze mwendo, na namshukuru. Hakugusa nati hata moja. Wa pili ni Bwana Delmas Stidham, mume wangu, fundi wa magari ya mgodi miaka kumi na mmoja, ambaye alinifundisha kila nilichofanya akiwa ameketi barazani, na ambaye alichonga fimbo ya kukanyagia hendibreki kutoka upande wa abiria. Wapeleka barua wako wote wanaokaa upande huo wanaihitaji, na nadhani hakuna aliye nayo. Ukipenda atawachongea.

Kama bado una shaka, Jumanne asubuhi lete gari lako mwenyewe mbele ya posta, unionyeshe gurudumu lolote. Nipe dakika ishirini na tano. Wenzangu na waje watazame.

Wako, Verlene Stidham, mpeleka barua, Njia ya Pili.

Delmas alifika mwisho, akarudi katikati, pale penye jina lake, akakaa hapo muda mrefu kuliko maneno yalivyohitaji. Mashine ilinguruma sebuleni.

"Umeandika miaka kumi na mmoja," alisema.

"Si ndivyo?"

"Na miezi minne."

Alichukua kalamu, akaongeza mwenyewe, juu ya mstari, kwa herufi ndogo: na miezi minne. Kisha akakunja karatasi mara tatu, akaitia kwenye bahasha, akailamba, na akaifunga kwa kuisugua na kidole gumba, kile chenye kovu la bluu ambapo makaa yaliingia chini ya ngozi na hayakutoka tena.

"Kesho utamkabidhi mkononi?"

"Hapana. Barua ni barua." Verlene alibandika stempu. "Itapita njia ya barua zote, na itafika mezani kwake kabla ya kufunga."

Jumatatu, kabla ya kwenda posta kupakia, aliiweka ndani ya kisanduku chao mbele ya nyumba, akainua ile bendera ndogo nyekundu ya ubavuni inayomwambia mpeleka barua kuwa kuna cha kuchukua. Saa tano na dakika kumi gari lake lilipanda bonde, bila dereva upande wa dereva. Delmas alikuwa kwenye ngazi ya tatu ya baraza, mrija umevutwa hadi mwisho. Aliliona likisimama penye kisanduku. Aliiona fimbo ikipita chini ya usukani na mkono ukisukuma, ingawa kwa kisanduku kimoja tu haikuwa lazima. Kisha Verlene akatoa bahasha, akasoma anwani yake yote kama anavyosoma ya mtu yeyote, akaishusha bendera, na akaitia barua ile ndani ya sinia la barua zinazokwenda.